Kabla Mali Haijauzwa: Mahakama ya Rufani na Mdai wa Makambako

  

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hapa Njombe tunawaachia mawakili wa Dar es Salaam. Kampuni inapofilisika, na Mahakama Kuu ikatoa amri kuhusu mali zake, nani anaweza kwenda Mahakama ya Rufani? Anaingia kwa mlango upi? Na ana siku ngapi? Nalisema mapema neno nitakalolirudia: kwenye ufilisi, kushinda rufaa baada ya mali kuuzwa ni kushinda karatasi. Shika hilo, tutalifikia kwa hatua.

Usidhani haya yako mbali nasi. Tarehe 4 Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja kwa sababu ya upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Njombe Community Bank, ile tuliyoizoea kwa jina la NJOCOBA. Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Wakati huo kiwango cha juu cha fidia ya bima kwa mwenye akaunti kilikuwa shilingi 1,500,000. Mwaka 2023 kikapandishwa hadi shilingi 7,500,000. Sasa fikiria mtu aliyekuwa ameweka milioni nane za mbao. Alilipwa milioni moja na nusu, na zilizobaki zikategemea mfilisi akusanye madeni, auze mali, kisha agawe kitakachopatikana. Mtu huyo alikuwa mdai katika ufilisi, hata kama hakuna aliyemwambia hivyo. Nitairudia benki baadaye, maana ina njia yake.

Kwanza tuelewane jinsi kampuni ya kawaida inavyofilisiwa. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu. Mahakama ikikubali, inatoa amri kampuni ifungwe na mfilisi ateuliwe. Mara nyingine mfilisi huyo ni RITA, hao hao tunaowafahamu kwa vyeti vya kuzaliwa. Jina lao kamili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mfilisi anashika mali, anapokea madai, anauza na kugawa. Mwenye dhamana, mathalani benki iliyoshikilia hati ya kiwanda, hutegemea dhamana yake. Mishahara ya wafanyakazi na kodi zina nafasi ya mbele kwa mipaka iliyowekwa na sheria. Aliyeleta bidhaa kwa mkopo bila dhamana yoyote yuko nyuma kabisa.

Na huyo wa nyuma ni nani? Hapa kwetu ni muuza viazi. Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna mama wa Makambako anayekusanya viazi mviringo kutoka kwa wakulima, anapakia lumbesa kwenye lori na kupeleka kwa kampuni ya usindikaji. Analipwa baada ya mwezi, baada ya miezi miwili, na mwisho halipwi. Siku moja anasikia kampuni imefunguliwa shauri la ufilisi. Anasikia tena kwamba Mahakama Kuu imeruhusu mashine na maghala yauzwe kwa mnunuzi mmoja, kwa bei ambayo yeye anaona ni ya kutupa. Hakuitwa, hakusikilizwa. Wadai wengine wakubwa walikuwepo na mawakili wao. Afanye nini?

Jibu la haraka la mtaani ni "kata rufaa". Hapo ndipo pa kutulia.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1979, miaka miwili baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, ambayo ilikuwa na mahakama ya rufaa ya pamoja. Imetajwa kwenye Katiba yetu, ibara ya 117. Kwa kawaida shauri husikilizwa na majaji watatu. Kwa sisi wa nyanda hizi, vikao vyake vya karibu hufanyika Iringa. Anayetaka kukata rufaa ya madai anatakiwa kuwasilisha taarifa ya rufaa ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe, kisha rufaa yenyewe na kumbukumbu zake ndani ya siku 60 tangu alipowasilisha taarifa hiyo. Siku 30, halafu siku 60. Zikipita, unaanza kuomba kuongezewa muda, na hiyo ni safari nyingine.

Lakini mama yetu wa viazi ana kikwazo kabla hata ya kuhesabu siku. Rufaa ni ya aliyekuwa mhusika kwenye shauri, na yeye hakuwa mhusika. Kwa mtu wa namna hiyo kuna mlango mwingine unaoitwa mapitio. Bunge liliuongeza mwaka 1993 kwenye sheria inayoipa Mahakama ya Rufani mamlaka yake. Kwa mlango huo, Mahakama inaitisha jalada la Mahakama Kuu na kuangalia kama mwenendo ulikuwa halali, sahihi na wa haki. Inaweza kufanya hivyo kwa kuombwa, na inaweza kujiitishia jalada yenyewe bila kuombwa na yeyote.

Mbona basi kila mtu asipite hapo? Kwa sababu Mahakama yenyewe iliwahi kuufunga mlango nusu. Katika shauri lililomhusu mhariri wa gazeti la Uhuru, lililoripotiwa mwaka 1995, ilisema kwamba mapitio hayawezi kutumika badala ya rufaa. Mwaka uliofuata likaripotiwa shauri la kampuni mbili, Halais Pro-Chemie na Wella, na humo Mahakama ikapanga vizuri nani anaruhusiwa: asiye na haki ya rufaa, au aliyekuwa nayo lakini njia ikazibwa na mwenendo wa mahakama ya chini. Mwenye haki ya rufaa ambaye ameiacha tu hapiti, isipokuwa awe na sababu za kipekee kabisa. Kwa hiyo mama wa viazi, ambaye hakuwa mhusika, ana nafasi. Benki iliyokuwemo tangu mwanzo inatakiwa kukata rufaa kama wengine.

Anazo siku ngapi? Siku 60 tangu uamuzi anaoulalamikia.

Na atasema nini akifika huko? Atasema sikusikilizwa. Msikilizaji, usiidharau hoja hiyo. Shauri moja la nyanda zetu hizi, la kampuni ya Mbeya-Rukwa Autoparts, lililoripotiwa mwaka 2003, lilifika Mahakama ya Rufani, nayo ikaeleza kwamba haki ya kusikilizwa ni haki ya msingi ya kikatiba, iliyomo kwenye ibara ya 13. Uamuzi unaogusa mali ya mtu ambaye hakupewa nafasi ya kusema unaweza kufutwa hata kama, baada ya kumsikiliza, jaji angefikia hapo hapo.

Sasa tuje kwenye shauri ambalo lilionyesha haya yote kwa ukubwa wake. Mnaikumbuka IPTL? Wengi tunaikumbuka kwa Bunge la Novemba 2014 na akaunti ya Tegeta Escrow. Kabla ya kufika bungeni, lile lilikuwa shauri la ufilisi. IPTL ilijenga mtambo wa umeme wa megawati 100 pale Tegeta, ikawa inauzia TANESCO, hao hao wanaomuuzia umeme mwenye mashine ya kusaga hapa Makambako. Mwaka 2002 mwanahisa mwenye asilimia 30, kampuni ya VIP Engineering, aliomba Mahakama Kuu iifunge IPTL kwa sababu hakuelewana na mwenzake wa Malaysia mwenye asilimia 70. Wakati huo huo kulikuwa na deni la mkopo wa ujenzi, ambalo mwaka 2005 lilinunuliwa na Standard Chartered ya Hong Kong.

Desemba 2008 Mahakama Kuu ikateua mfilisi wa muda, ambaye ni RITA. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ikautengua uteuzi huo. Shauri liliingia kwa mlango gani? Mapitio. Na hoja iliyosimama mbele ilikuwa ile ile ya mama wa viazi: haki ya kusikilizwa. Julai 2011 Mahakama Kuu ikaamuru tena ufilisi. Desemba 2012 Mahakama ya Rufani ikaufuta uamuzi huo na kulirudisha shauri chini. Septemba 2013 Mahakama Kuu ikakubali maombi ya ufilisi yaondolewe na mambo ya IPTL yakabidhiwe kwa kampuni iitwayo PAP. Kabla ya mwaka huo kwisha, fedha za akaunti ya Escrow, malipo ya umeme yaliyowekwa kando wakati wa ugomvi, zaidi ya shilingi bilioni 300, zikawa zimetoka Benki Kuu.

Angalia vizuri mfululizo huo. Mara mbili Mahakama ya Rufani iliingia kabla mali haijahama, na mara zote mbili uamuzi wake ulikuwa na meno. Baada ya amri ya 2013, fedha zilitoka ndani ya miezi, na kelele zote zilizofuata, za Bunge na za mahakamani, zilikuwa zinazifuata fedha zilizokwisha kuondoka. Mdai yule wa Hong Kong alikuwa na uwezo wa kwenda mbali zaidi: alikwisha kufungua shauri dhidi ya TANESCO kwenye baraza la kimataifa la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, na mwaka 2016 likaamua alipwe zaidi ya dola milioni 148. Mama wa viazi hana baraza la kimataifa. Yeye akichelewa Iringa au Dar es Salaam, amechelewa.

Ndiyo maana nasisitiza amri moja ambayo watu huiona ndogo: amri ya kusimamisha utekelezaji. Wengi wanadhani ukishawasilisha rufaa, kila kitu kinasimama. Hapana. Narudia, hapana. Kanuni za Mahakama ya Rufani zinasema wazi kwamba rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji. Mfilisi anaweza kuendelea kuuza wakati jalada lako linasubiri kupangiwa tarehe. Lazima uombe, tena upesi: kanuni zinatoa siku 14 tangu upewe taarifa ya utekelezaji. Utatakiwa kuonyesha kwamba utapata hasara kubwa ukiachwa hivi hivi, na utoe dhamana ya kutimiza amri itakayokuja kukufunga. Dhamana hiyo ndiyo inayowashinda watu wa chini. Kampuni kubwa hupeleka dhamana ya benki. Mkulima atapeleka nini? Hapa naona sheria yetu inambana asiye na kitu, na ningependa majaji watumie kikamilifu nafasi waliyonayo ya kupima dhamana kulingana na mtu aliyesimama mbele yao.

Viazi vya Uwemba havisubiri barabara ikauke, na mali ya mufilisi haisubiri majaji wakutane. Mashine zinang'olewa, malori yanaandikwa jina jipya, na mnunuzi aliyelipa kwa nia njema naye ana haki zake.

Hili si la Tanzania pekee. Mwaka 2009 kiwanda cha magari cha Chrysler huko Marekani kiliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi mwishoni mwa Aprili. Mahakama ikaruhusu mali zake zihamishiwe kampuni mpya chini ya Fiat ya Italia. Mifuko ya pensheni ya jimbo la Indiana, yenye fedha za walimu na askari polisi, ikapinga. Tarehe 8 Juni Jaji Ruth Bader Ginsburg wa Mahakama ya Juu akasimamisha uuzaji kwa muda. Kesho yake zuio likaondolewa. Tarehe 10 Juni biashara ikakamilika. Desemba Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi wa mahakama ya rufaa na kuelekeza rufaa ile itupwe, kwa kuwa hakukuwa na kilichobaki cha kuamua. Walimu wale walikuwa na mawakili wazuri na walifika mahakamani kwa wakati. Zuio la siku moja lilipoondoka, shauri lao liliondoka nalo.

Mtu ataniuliza: basi si tufungue milango yote, kila amri ya ufilisi isimamishwe mpaka rufaa iishe? Hapo sikubaliani. IPTL ilikaa mahakamani tangu 2002. Kila mwaka unaopita, mali ya kampuni iliyokufa inalipa walinzi na gharama za mfilisi, na kinachobaki kwa wadai kinapungua. Wafanyakazi wanaodai mishahara huumizwa na ucheleweshaji kuliko mtu yeyote. Bunge liliona hilo mwaka 2002 lilipozuia rufaa na mapitio dhidi ya amri ndogo za katikati ya shauri, zisizomaliza ugomvi. Naona lilifanya sawa. Mlango wa dharura ukiwa wazi muda wote, mdaiwa mwenye fedha ndiye atakayekaa mlangoni kuzuia wengine wasilipwe. Ninachotaka ni kwamba yule ambaye hakuitwa kabisa aufikie mlango huo mali ikiwa bado ipo.

Na aliyekwisha kuchelewa je? Kuna tumaini, tena limetoka kwenye ufilisi wenyewe. Mnaikumbuka Tritel, moja ya kampuni za mwanzo za simu za mkononi nchini? Iliposambaratika, mfilisi wake pamoja na Mamlaka ya Mapato, VIP Engineering na Citibank walifikishana Mahakama ya Rufani katika mashauri ya mwaka 2006. Mahakama ikasema kwamba kama uamuzi unaopingwa unadaiwa kuwa na kasoro ya kisheria, hiyo yaweza kuwa sababu ya kutosha ya kuongeza muda, hata kama mwombaji hakueleza vizuri kwa nini alichelewa. Tangu hapo mawakili nchi nzima wanaitaja. Lakini usilale ukiitegemea. Baadaye, katika shauri la kampuni ya ujenzi ya Lyamuya, Mahakama iliweka mpaka: kasoro lazima ionekane wazi kwenye kumbukumbu, isiwe ya kuchimbuliwa kwa hoja ndefu. Kutosikilizwa mara nyingi huonekana wazi. Bei kuwa ndogo haionekani kirahisi hivyo.

Niliahidi kurudi kwenye benki. Benki Kuu inapofuta leseni, haitoi hukumu ya mahakama, kwa hiyo hakuna hukumu ya kukatia rufaa siku ile. Anayeona mamlaka ya umma imekiuka sheria anakwenda Mahakama Kuu kuomba amri maalumu: ya kuufuta uamuzi, ya kuizuia mamlaka, au ya kuilazimisha itimize wajibu wake. Kwanza anaomba kibali, na ana miezi sita tangu uamuzi utolewe. Hiyo ya tatu, ya kulazimisha, ndiyo ningependa wenye amana waijue zaidi. Mtu asiyetaka benki ifufuke anaweza bado kutaka chombo cha umma kitimize jambo ambalo sheria inakiamuru kulitimiza. Mahakama haitamwambia mfilisi auze kwa bei gani. Inaweza kumwamuru asikae kimya mahali sheria inapomtaka atende.

Tumalizie kwa yule mama wa Makambako, maana mawakili wanasikia haya kila siku, yeye hapana. Mama, kabla ya kuwaza Mahakama ya Rufani, andika deni lako na umpelekee mfilisi: hati za mzigo, stakabadhi, ujumbe wa simu, kila kitu. Mdai aliyesajiliwa ni vigumu kuambiwa hakujulikana. Pili, ukisikia maombi ya ufilisi yamefunguliwa, jitokeze Mahakama Kuu wakati shauri linaendelea, hata kwa kuungana na wenzako mkachangia wakili mmoja. Jua pia kwamba tangu siku maombi yalipowasilishwa, kampuni ikihamisha mali bila ruhusa ya mahakama, uhamisho huo ni batili endapo amri ya ufilisi itatolewa. Mwenye kampuni akikupa lori usiku ili unyamaze, lori hilo linaweza kurudishwa. Tatu, ukiona uuzaji unakuja na hukusikilizwa, usingoje nakala nzuri ya hukumu huku umekaa nyumbani. Iombe kwa barua siku hiyo hiyo, na umwambie wakili wako aombe kusimamisha.

Sasa nina ombi, nalielekeza kwa Mahakama Kuu na kwa RITA. Maombi ya kuifunga kampuni hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kwenye gazeti la kawaida. Nani kati ya wauza viazi wa Makambako anasoma Gazeti la Serikali? Mtu ambaye hakupata habari hawezi kujitokeza, na asiyejitokeza ndiye baadaye anayegonga mlango wa mapitio huku mashine zimeshapakiwa. Kampuni ikiwa ilinunua mazao Njombe, tangazo lake lisomwe redioni Njombe, libandikwe kwenye ofisi za kata na kwenye soko la Makambako, kwa Kiswahili, likitaja tarehe ya shauri na mahali pa kupeleka madai. Jaji anayesikiliza maombi anaweza kuelekeza hivyo. Nusu ukurasa unatosha, na sisi hapa studio tuko tayari kuusoma.